Gari la Viti Viwili na Mguu wa Mwalimu

Mama Sindano alikuwa amelala chali ndani ya gari, kichwa chini ya dashibodi na miguu ikining'inia nje ya mlango, wakati mwenye gari alipotamka kwamba analiuza. Aliinuka kwa pupa, akajigonga paji la uso kwenye usukani, honi ikalia, na fundi redio wa duka la jirani akatoka mbio akidhani anaitwa. Jamani, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mwenye wajukuu, anaruka namna hiyo kwa sababu ya gari! Lakini ngoja kwanza nikueleze gari lenyewe, ndipo umcheke.

Lilikuwa gari la spoti, rangi ya kijani kizito kama chupa, limeinama chini hata mtoto angeweza kuliwekea kiwiko juu ya paa. Milango miwili, viti viwili, basi. Paa lake ni turubai la kukunja. Mwenyewe, mfamasia mstaafu, alilileta juu ya lori likiwa na hali ya kutia huruma: turubai limepasuka, viti vimechanika, panya wamefanya maskani ndani ya sponji. Mama Sindano ndiyo kazi yake hiyo, kushona viti vya magari. Kwa wiki saba alilivua gari lile nguo zote akalivisha upya. Ngozi aliikata kwa mkono wake, na pale kwenye kona za viti ambako cherehani haipiti, alishona kwa sindano mbili, huku akiuma ulimi, mshono mmoja baada ya mwingine. Hakuna inchi ya gari lile ambayo kidole chake hakikuigusa.

Na sasa sikiliza jambo lingine. Mume wake alikuwa mwalimu wa udereva. Si mwalimu wa kubahatisha, la! Miaka ishirini na sita anafundisha, nusu ya madereva wa mji wamepita mikononi mwake, na hata askari wa barabarani walimwita Mwalimu tu, jina lake wameshalisahau. Gari lao la nyumbani lilikuwa lilelile la shule yake ya udereva, lenye pedali mbili za ziada upande wa abiria ili mwalimu aweze kukanyaga breki mwanafunzi akiboronga. Na upande huo ndiko alikokaa mke wake kila walipotoka. "Miguu, mama!" Mwalimu angesema kabla hajawasha moto, naye Mama Sindano angekunja miguu chini ya kiti, magoti pamoja, asije akagusa pedali za watu. Hivyo ndivyo alivyokwenda kwenye harusi ya binti yake na hivyo ndivyo alivyotoka hospitali na mtoto wa mwisho mapajani, amejikunja kama kuku anayeatamia.

Kuendesha? Hakuwahi. Kila alipoomba afundishwe, Mwalimu alisema wataanza mitihani ikipungua. Mitihani haikupungua hata siku moja, na ukiniuliza mimi, nitakwambia haikukusudiwa kupungua.

"Unaliuza?" aliuliza, akisugua paji la uso.

"Magoti, mama," mfamasia alisema. "Kuingia naingia. Kutoka ndiyo kesi. Juzi mke wangu na jirani walinivuta kama gunia."

"Usimwonyeshe mtu. Nipe mpaka Jumamosi ya mwisho wa mwezi ujao."

"Una mteja?"

"Mteja ni mimi."

Mfamasia alimtazama, akatazama viti, akatazama ile mishono ya kona. Hakucheka. Alisema sawa, atasubiri.

Aliyecheka ni Mwalimu. Na si mwanzoni. Mwanzoni alisikiliza vizuri, wakiwa mezani, sahani zimeshaondolewa, mikono ameikunja kama anavyowasikiliza wanafunzi wenye visingizio. Kisha akaanza kutoa hoja zake, na hoja hakosi mtu yule.

"Tulisema tutanunua gari la viti saba."

"Wewe ndiye uliyesema. Mimi nilikuwa naosha vyombo."

"Wajukuu watakaa wapi?"

"Kwa zamu. Mmoja mmoja. Wakiwa wote pamoja hata nyumba hii haiwatoshi."

"Gari la vijana lile, mama. Watu watasema nini? Mwalimu wa udereva, mtu mzima, nimejitumbukiza mule kichwa kikiwa sawa na matairi ya malori!"

"Watu wataona mshono wangu, watajipanga foleni."

"Na spea? Taa moja tu ikivunjika utazunguka mji mzima."

"Nitazunguka. Nina miguu, ingawa kwa jinsi ninavyoikunja garini mwako unaweza kudhani sina."

Hapo Mwalimu alikunjua mikono. Halafu akauliza swali ambalo, kama angekuwa na akili ya kuona mbele siku ile, angelimeza. "Haya, tuseme limenunuliwa. Nani ataendesha?"

"Mimi."

Akacheka. Kicheko kidogo tu cha puani, cha mtu aliyesikia kichekesho cha mtoto, na bila shaka hakukusudia ubaya. Lakini kicheko kile kilimwingia Mama Sindano mahali ambapo maneno yote ya mwanzo hayakufika. Aliumia, na alijua kwamba ameumia. Miaka yote ile alikuwa akijiambia kwamba mumewe hana nafasi tu. Sasa alijiuliza kama hana imani. Alifuta meza ambayo ilikuwa safi, akafuta tena, na kabla kitambaa hakijakauka alikuwa ameshakata shauri.

Asubuhi yake alivaa gauni lake la kwendea benki akaenda shuleni kwa mumewe, akasimama dirishani kama mteja yeyote. Karani wa shule alikuwa dada yake Mwalimu.

"Wifi! Kaka katoka na mwanafunzi," karani alisema. "Umesahau funguo?"

"Nipe fomu."

"Fomu ya nini?"

"Ya kujiandikisha. Masomo kamili."

Karani alicheka mpaka akashika meza. Alipoona mwenzake hacheki, alikaa vizuri. "Wifi, mna ugomvi? Mkiwa na ugomvi niambieni, msiniletee ofisini."

"Kuna nini kimeandikwa hapo ukutani?"

Karani hakuwa na haja ya kugeuka kusoma. Kaka yake aliandika mwenyewe, kwa rangi nyekundu, mwaka ule shule ilipofunguliwa: ANAYEJIANDIKISHA ATAFUNDISHWA. Hakuwahi kumrudisha mtu. Aliwafundisha viziwi, aliwafundisha wazee wa miaka sabini, aliwahi kumfundisha bwana mmoja ambaye kila akiona lori alifumba macho. Ilikuwa fahari yake kubwa, na mji mzima ulijua. Karani alishusha pumzi, akatoa fomu na kadi.

Na kadi ile nayo lazima niieleze, maana ndiyo iliyoleta kazi yote. Kila mwanafunzi wa Mwalimu alikuwa na kadi, na kwenye kadi palikuwa na safu iliyoitwa Mguu. Kila mara Mwalimu alipolazimika kukanyaga breki ya upande wake, aliandika mstari mmoja kwenye safu ile, na pembeni akaandika sababu. Bila sababu hapakuwa na mstari. Mwanafunzi aliyepata masomo matatu mfululizo bila mguu wa mwalimu alipelekwa kwenye mtihani. Aliyekosa la tatu alirudi kuanza moja, awe mtoto wa nani. Hakuna shule nyingine iliyofanya hivyo, na ndiyo maana wanafunzi wake walikuwa hawafeli.

Mwalimu alipoikuta kadi ya mkewe kwenye rundo la asubuhi, alikaa nayo mkononi muda mrefu. Alitoka nje. Mama Sindano alikuwa amesimama kando ya gari, mkoba begani, kama wanafunzi wengine.

"Mama, haya ni mambo ya nyumbani."

"Nyumbani tutaongea ya nyumbani. Hapa mimi ni mwanafunzi. Nimelipa, wifi kanipa risiti."

Alifungua mlango wa dereva akaingia. Mwalimu naye aliingia kwa shingo upande, upande wa pili, kwenye kiti ambacho mkewe alikikalia miaka ishirini na sita.

Tusimpambe, alianza vibaya. Klachi aliiachia kama mtu aliyeshika sufuria ya moto bila kitambaa, gari likaruka likazima. Aliangusha koni tatu za mazoezi, na ya nne ikaburutwa chini ya gari mpaka getini. Somo la kwanza, miguu kumi na tisa. Somo la pili, kumi na saba. Jioni alirudi na shingo iliyokakamaa, akala, akalala bila kusema neno, maana alikuwa ameahidi kwamba nyumbani wataongea ya nyumbani tu. Mwalimu alisubiri aseme amechoka. Nafikiri aliomba Mungu aseme amechoka. Asubuhi alimkuta amesimama kando ya gari, mkoba begani.

Lakini mtu aliyezoea kusukuma ngozi nene chini ya sindano bila kuipasua ana miguu na mikono yenye akili. Wiki ya tatu klachi ilikuwa laini. Gia zilikuwa zinaingia bila kulalamika. Alipaki nyuma ya soko kwenye nafasi ambayo hata mimi ningeipita nikatafuta nyingine. Miguu ilishuka ikawa kumi, nane, sita. Kisha ikagoma kushuka. Sita. Sita. Saba.

Hapo ndipo mwanafunzi alipoanza kudai haki yake.

"Sababu?" aliuliza, gari liliposimama ghafla katikati ya barabara tupu.

"Mbuzi," Mwalimu alisema.

"Mbuzi yuko ng'ambo ya uzio, mwalimu."

"Angeweza kuruka."

"Kafungwa kamba."

Mwalimu alitoa kalamu akaandika, maana kanuni ni yake mwenyewe: Mbuzi, ng'ambo ya uzio. Siku ya pili yake aliandika: Mwanamke mwenye baiskeli, mbali. Siku iliyofuata: Kivuli. Karani, ambaye kazi yake ilikuwa kunakili kadi daftarini, aliletewa hii ya kivuli akaiweka chini, akavua miwani.

"Kaka," alisema, "mimi ni dada yako, damu moja. Lakini hii ni aibu."

Mwalimu alijifanya anatafuta funguo. Lakini somo lililofuata alikalia mikono yake, akakaza miguu, akatokwa jasho utadhani yeye ndiye anayejifunza. Mguu sufuri. La pili, sufuri tena. Mama Sindano alirudi karakana siku hiyo akiimba, akapiga pasi turubai la gari la kijani ambalo halikuwa na mkunjo hata mmoja. Lilibaki somo moja, Alhamisi. Jumamosi yake ndiyo ilikuwa Jumamosi ya mfamasia.

Alhamisi waliendesha vizuri hadi barabara ya nyuma ya maghala. Lori moja lilikuwa limewasha taa likitoka getini kinyumenyume. Mama Sindano aliliona mapema, akapunguza gia, akakanyaga breki taratibu. Gari lilisimama mbali kabisa na lori. Ila pedali zile zimeunganishwa, na chini ya unyayo wake alihisi pedali ikizama kidogo zaidi ya alivyoikanyaga yeye. Kidogo sana. Unene wa uzi. Hakuna mtu duniani angejua isipokuwa wao wawili.

Lori lilitoka, likapita, dereva akapunga mkono.

"Nimekanyaga," Mwalimu alisema.

"Nimehisi."

"Ulikuwa umeshafunga breki. Mimi nimeongeza tu."

"Sababu?"

Alitoa kadi, akashika kalamu, na kalamu haikuandika. Aliitazama kadi kana kwamba ni ya mtu asiyemjua. "Sina," alisema. "Mwanafunzi mwingine akikaa hapo mimi naangalia barabara. Ukikaa wewe nakuangalia wewe. Naona lori, naona wewe umo, mguu unakwenda wenyewe. Naogopa, mama. Nimeona magari yaliyogongana mengi mno katika kazi hii."

Mama Sindano alishika usukani kwa mikono miwili ingawa gari lilikuwa limesimama. Damu ilimchemka, na papo hapo alimwonea huruma, na hakujua kipi kati ya hivyo viwili kitoke kwanza. "Miaka yote hiyo ilikuwa kuogopa?"

"Kuogopa tu."

"Mimi nilidhani unaniona mjinga. Ulinicheka mezani."

"Mjinga? Wewe?" Alishangaa kweli. "Nilicheka kwa sababu niliona unaweza, na ukiweza nimekwisha." Akafuta uso kwa kiganja. "Nisamehe kile kicheko. Na mguu wa leo si kosa lako. Niweke sufuri, twende kwenye mtihani. Haki yako."

Sasa wewe ungefanyaje? Mimi ningesema ndiyo, haraka, kabla hajabadili mawazo. Jumamosi ilikuwa keshokutwa! Lakini Mama Sindano alikuwa na kichwa kigumu, na kazi yake ilimfundisha kwamba mshono ukikosewa hauzibwi kwa gundi. Unafumuliwa.

"Andika mguu mmoja," alisema. "Sababu, hakuna. Sitaki leseni ya kuonewa huruma. Tunaanza moja."

Jumamosi alikwenda kwa mfamasia na akiba yake mwenyewe, ya kushona, akalinunua. Gari likabaki palepale karakana, chini ya bati, funguo mfukoni mwa aproni yake. Mwalimu alikuja kuliona jioni. Alilizunguka mara mbili, mikono mgongoni.

"Umenunua gari usiloweza kuendesha," alisema.

"Bado."

"Na mimi sikukubali. Nataka ijulikane. Viti viwili si gari, ni sofa lenye matairi."

"Imejulikana. Jumatatu saa tatu, mwalimu."

Jumatatu saa tatu Mwalimu aliingia upande wake, akafunga mkanda, akafanya jambo ambalo mkewe hakulitegemea. Alikunja miguu. Aliirudisha chini ya kiti, magoti pamoja, mbali na pedali, akashika magoti kwa mikono ili yasitoroke. "Twende," alisema, akitazama mbele.

Walikwenda. Walipita soko, maghala, makutano yenye taa mbovu, kila mtu akijiamulia. Saa nzima. Waliporudi getini Mwalimu alijaribu kushuka, magoti yakakataa, akabaki ameshika mlango akigugumia.

"Lo! Mama, ulikuwa unakaaje hivi?"

"Hivyohivyo."

"Mpaka kwa binti yetu? Safari ya saa nne nzima?"

"Mpaka kwa binti yetu, na kurudi."

Mwalimu aliandika sufuri kwenye kadi. Jumanne alikunja tena, Jumatano tena, na kila siku alishuka akichechemea, na kila siku aliandika sufuri kwa mwandiko mkubwa kuliko wa jana. Mtihani, nisikuchoshe, alipita mara ya kwanza, na mtahini akamuuliza alifundishwa na nani. Alijibu, "Mwalimu," basi.

Jumapili asubuhi alilitoa gari la kijani karakana, paa limekunjwa, akaja nalo hadi mlangoni kwao. Mwalimu alitoka amevaa vizuri na uso wa mtu anayepelekwa mahakamani. "Bado nasema tungenunua la viti saba," alisema, akashuka ndani kidogokidogo, akishikilia mlango, akaguna, akakaa. Akafunga mkanda. Akatazama chini atafute pa kuweka miguu.

Upande wake wa sakafu, juu ya zulia, palikuwa na kiraka cha ngozi nene, mikunjo miwili, kimeshonwa kwa mkono kwa uzi mweupe pande zote nne.

"Na hiki?"

"Ni cha mguu wako. Najua utakanyaga, na sitaki unitoboe zulia jipya."

Mwalimu alikitazama sana. Alipitisha kidole juu ya mshono, upande hadi upande. Kisha, kwa kuogopa kuichafua kazi ya mkewe kwa viatu, alirudisha miguu nyuma, akaikunja chini ya kiti, magoti pamoja.

"Nyoosha miguu, baba," Mama Sindano alisema, akiwasha moto. "Humu hamna pedali za mtu."

Aliinyoosha. Kwenye mzunguko wa kwanza, basi lilipochomoza, aliikanyaga ile ngozi kwa nguvu zake zote, na gari halikufanya kitu. Lilipunguza mwendo pale mkewe alipoupunguza, likasubiri, likapita.

"Sababu?" aliuliza mkewe, macho barabarani.

"Mazoea tu, mama," Mwalimu alisema. "Endesha."